Takwa: Mji Ulioachwa na Kaburi Linalozuriwa

Msomaji, ukiifungua ramani ya pwani ya Kenya na kuufuata ufuo kwa kidole kuelekea kaskazini, ukapita Malindi na mdomo wa mto Tana, utavikuta visiwa vya Lamu vimekaa pamoja karibu na bara. Kimojawapo ni Manda. Kisiwa hiki kinatazamana na mji wa Lamu, hata mtu aliyesimama gatini aweza kuiona mikoko yake kwa macho matupu; na wasafiri wanaokuja kwa ndege hutua Manda kwanza, kisha huvuka mkondo kwa mashua ndipo wafike mjini. Lakini Lamu imejaa watu, vichochoro vyake havina nafasi, hali Manda, kisiwa kipana, kina watu wachache mno. Zamani haikuwa hivyo. Manda kilikuwa na miji ya mawe na misikiti, na watu wake walikuwa wamekwisha kuondoka kabla ya Waingereza kuja, na kabla Masultani wa Unguja hawajaweka liwali wao Lamu. Kwa nini waliondoka? Na kwa nini wajukuu wao hurudi huko hata leo, mwaka baada ya mwaka, kusimama mbele ya kaburi moja? Twende tukaone.

Safari ya Takwa huchukua siku moja, na hufanywa kwa mashua pamoja na kiongozi ajuaye mahali. Usipange kuondoka kwa kutazama saa yako. Mji huo ulijengwa mwisho wa hori refu liingialo ndani ya kisiwa, na hori hilo hupitika vizuri maji yajaapo tu. Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa mchana na usiku wake, na wakati wa kujaa huchelewa kila siku kwa muda wa dakika 50 hivi. Kwa hiyo nahodha ndiye mwenye saa: leo atakuambia muondoke asubuhi, na wiki ijayo atasema ni adhuhuri. Naye akisema kwamba sasa ni wakati wa kurudi, rudini bila ubishi. Maana maji yakitoka, hori hubaki tope, na mashua yenu italala juu ya tope hilo mpaka bahari itakapopenda kurudi. Chukua kofia, na viatu vya kukanyagia mawe makali, na zaidi ya hayo yote maji ya kunywa. Huko uendako hutapata maji matamu. Na hilo, kama utakavyoona, ndilo jambo lenyewe.

Mashua ikishavuka mkondo na kuingia horini, upepo hupungua, tanga hulegea, na baharia hushika pondo. Kulia na kushoto ni mikoko, mizizi yake imesimama nje ya tope. Usiipite mikoko hiyo bila kuitazama, kwa maana hutaielewa nyumba ya kale ya Mswahili usipoielewa kwanza boriti yake. Boriti za mikoko za visiwa hivi zilipakiwa majahazini zikapelekwa mpaka Arabuni na nchi za Ghuba, ambako miti ya kujengea ni adimu, na hapa kwetu zilibeba dari. Dari ya nyumba ya mawe ni nzito, kwani ni vipande vya matumbawe vilivyoshindiliwa pamoja na chokaa. Boriti ikiwa ndefu mno hupinda na kuvunjika. Basi fundi hakuweza kukifanya chumba kipana kuliko mita 3 hivi. Ndiyo sababu vyumba vya majumba ya kale, toka Lamu mpaka Kilwa, ni virefu na vyembamba. Watu wengi wamesifu uzuri wa vyumba hivyo. Wachache wamekumbuka kuushukuru mkoko uliovipima.

Mwisho wa hori utashuka, na baada ya mwendo mfupi utaukuta ukuta wa mji. Simama hapo kwanza, uangalie jinsi mahali palivyokaa. Nyuma yako ni hori ulilopitia. Mbele yako, ng'ambo ya mji, mwendo wa dakika chache kwa miguu, kuna vilima vya mchanga, na nyuma ya vilima hivyo bahari kuu inavuma. Mji uko kwenye kiuno chembamba cha kisiwa, baina ya maji na maji. Mimi huona kwamba mahali hapa palichaguliwa na watu waliokuwa na hofu. Merikebu kubwa haiwezi kuingia horini. Upande wa bahari kuu mawimbi ni makali wala hapana bandari. Na juu ya hayo wenyeji wakajenga ukuta kuuzunguka mji wao, eneo la hekta 5 hivi. Wafanyabiashara wasioogopa kitu hujenga karibu na bandari nzuri, kama walivyofanya watu wa Lamu.

Ndani ya ukuta kuna magofu ya nyumba zipatazo 100. Mibuyu imeota baina ya kuta, mingine minene kuliko chumba kizima cha nyumba iliyo kando yake. Kiongozi wako atakuonyesha kwamba milango ya nyumba hizo, karibu yote, imeelekea kaskazini, upande wa Makka, na kwamba njia kuu ya mji inakwenda msikitini. Angalia zidaka katika kuta, vile vijishimo vya mraba vilivyotengenezwa kwa ajili ya kuwekea vyombo na taa. Pitisha kidole katika lipu iliyosalia. Chokaa hiyo ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe juu ya tanuu la magogo, kisha ikanyeshewa na kuachwa muda mrefu ipoe ndipo ikatumiwa. Na imeshika kwa zaidi ya miaka 300 bila mtu kuitunza.

Watu wa Takwa waliishi hapa katika karne ya 16 na ya 17. Huo si wakati wa kale sana kwa visiwa hivi. Kaskazini mwa kisiwa hiki hiki pana magofu ya mji mwingine, ulioitwa Manda kama kisiwa chenyewe, ambao Neville Chittick aliuchimbua katika miaka ya 1960 na 1970, akaona kwamba watu walikuwa wakikaa huko tangu karne ya 9. Na huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, Mark Horton alifukua katika miaka ya 1980 misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, wa chini kabisa ukiwa wa miti, wa karne ya 8. Takwa ni mdogo wao. Nawe usifikiri kwamba miji hiyo ilikuwa ya wageni waliofika kwa jahazi na mawe yao. Vigae vya vyungu vinavyookotwa katika magofu haya kwa wingi ni vya udongo wa hapa hapa, vya wafinyanzi wa pwani. Vya China na vya Uajemi vipo, lakini ni vichache, kama vile sahani za wageni zilivyo chache katika kabati la mama yako.

Sasa ingia msikiti mkuu. Huu ndio uliomvuta James Kirkman, Mwingereza aliyekuwa ameanza kuuchimbua mji wa Gedi mwaka 1948, naye akaja kufanya kazi Takwa mwaka 1951. Sababu ya kuvutwa ni nguzo. Juu ya ukuta wa kibla, pale mihirabu ilipo, imesimama nguzo ya mawe inayoonekana kutoka nje kabla hujaona kitu kingine. Nguzo za namna hii zinajulikana sana pwani, lakini juu ya makaburi, si juu ya misikiti. Kwa hiyo wako wasemao kwamba chini ya ukuta huo amelala mtu mwema ambaye watu waliujenga msikiti juu ya kaburi lake. Kando ya msikiti utaona birika la kutawadhia, na karibu yake kisima. Chungulia kisimani. Ukiruhusiwa kuonja maji yake, onja kwa ncha ya ulimi tu.

Hapa ndipo swali letu la kwanza linapopata jibu, au nusu ya jibu. Wenyeji wa Shela, kijiji kilicho kisiwani Lamu ng'ambo ya mkondo, husimulia kwamba wazee wao walitoka Takwa, nao waliuhama mji kwa sababu visima viligeuka kuwa vya chumvi. Wataalamu wengine hutaja vita. Na kweli zama zile zilikuwa mbaya. Wareno walikuwa wamekuja na mizinga tangu mwanzo wa karne ya 16 wakitoza kodi; mwaka 1587 waliuteketeza mji wa Faza; mwaka 1678 walikuja tena na jeshi kupiga Pate, na kabla hawajaondoka mwaka uliofuata walikuwa wamewaua watawala wa visiwa hivi. Pate nayo iligombana na majirani zake wa Manda kila ilipopata nguvu. Mwaka 1698 Waarabu wa Omani waliitwaa Ngome ya Yesu iliyoko Mombasa, na utawala wa Wareno kaskazini mwa mto Ruvuma ukavunjika. Na karibu na wakati huo huo Takwa ikabaki tupu.

Lakini fikiri kidogo, msomaji. Faza iliteketezwa, na leo Faza ina watu. Pate ilipigwa mara nyingi kuliko inavyoweza kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na leo Pate ina watu. Adui huchoma nyumba, akaondoka. Mwenye nyumba hurudi, akaezeka upya. Kisima kikiharibika hakuna pa kurudia. Ndiyo maana mimi, baada ya kuyapima maneno ya pande zote mbili, huwaamini zaidi watu wa Shela.

Tena jambo lenyewe laelezeka. Ukichimba shimo katika kisiwa kama hiki, ijapokuwa pande zote ni bahari, maji ya kwanza utakayoyakuta yaweza kuwa matamu. Hayo ni maji ya mvua za masika na vuli. Yamepenya katika mchanga na mawe yenye vitundu, yakakutana chini na maji ya bahari yaliyopenya kutoka pembeni. Na kwa kuwa maji ya chumvi ni mazito, maji ya mvua huelea juu yake, kama mafuta yaeleavyo juu ya mchuzi. Wataalamu wa maji wamepima wakaona kwamba kwa kila futi 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, ziko futi 40 hivi zilizo chini ya usawa huo. Hiyo ni baraka kubwa. Lakini hesabu hiyo hiyo hugeuka. Watu wakiteka kupita kiasi, au mvua zikikosekana miaka kadha, yale maji yakashuka futi 1, basi maji ya chumvi kutoka chini hupanda kuelekea futi 40. Kisima huharibika kutoka chini, mahali ambapo jicho la mtekaji halifiki.

Wala haliji jambo hili kwa siku moja. Hapakuwa na asubuhi ambayo mpiga mbiu wa Takwa alipita akitangaza kwamba maji yamekwisha. Kwanza wali haukuhitaji chumvi. Kisha sabuni haikutoa povu, na mbuzi wakawa wanakunywa na kugeuka. Kisha mtoto mchanga akakataa. Watu wakawa wanateka usiku, kisima kinapokuwa kimetulia, au wanatuma mashua ng'ambo kwa mitungi. Na kila nyumba ikapiga hesabu yake yenyewe, mwenye mashua akaanza kuondoka na mwenye nyumba kubwa akawa wa mwisho. Hayo siyasomi katika kitabu chochote. Nayakisia tu kwa kuangalia jinsi watu wa visiwa vikavu wanavyoishi. Kisiwani Manda kwenyewe, katika kijiji cha Manda Maweni, wachonga mawe wa siku zetu wametaabika vivyo hivyo kwa maji ya kunywa. Na mahali pengi katika visiwa hivi watu wamejenga jabia, yaani birika kubwa la kukusanyia maji ya mvua, kwa sababu ya kutokuamini kisima.

Wahamaji wa Takwa hawakwenda mbali. Walivuka mkondo tu, wakapewa nafasi na watu wa Lamu kwenye ncha ya kisiwa, umbali wa kilomita 3 hivi kutoka mjini. Mtu asiyejua atauliza kwa nini walihama mahali pa mchanga wakaenda mahali pa mchanga zaidi. Jibu liko nyuma ya Shela. Vilima vya mchanga vya huko ni vikubwa kabisa, vimeenea maili nyingi ufuoni, na mvua inyeshapo juu yake hainywi mtu wala haitiririki baharini. Huzama, huchujwa, na kukaa. Maji ya vilima hivyo ndiyo yanayonywewa mpaka leo Shela na katika mji wa Lamu. Wazee wale, ambao hawakuwa na kipimo chochote ila ulimi, walijua walichokifuata. Shela ikasitawi: mnamo mwaka 1812 vita kubwa ilipiganwa ufuoni pake, Lamu ikawashinda Pate na Wamazrui wa Mombasa, na mwaka 1829 ukajengwa msikiti wake wa Ijumaa, wenye mnara mweupe unaowaonyesha mabaharia njia.

Na sasa turudi Takwa, tutoke nje ya ukuta, kwa maana bado hatujaliona lililo kubwa. Hapo limesimama kaburi peke yake, na juu yake nguzo ndefu. Lina maandishi ya Kiarabu yenye tarehe ya mwanzoni mwa miaka ya 1680; maana yake, yule aliyezikwa hapa alikuwa miongoni mwa watu wa mwisho wa mji huu kujengewa kaburi la heshima. Miaka michache baadaye hapakuwa na jirani wa kumsomea Fatiha.

Lakini hakuachwa. Watu wa Shela huvuka mkondo kila mwaka, kwa nyakati wanazozijua wao, wakaingia horini maji yakijaa, wakaja hapa kumzuru na kumwomba Mungu mvua. Angalia neno, msomaji: ni ziara, wala si hija. Hija ya Mwislamu ni moja, nayo ni ya Makka. Ziara ni kwenda kumwona mtu, awe hai au amekufa. Wako wanavyuoni wasiokubali desturi ya kuombea dua makaburini, na mjadala huo ni mrefu, umeanza kabla ya Takwa na haujamalizika. Mimi si mwamuzi wake. Ninalotaka ulitambue ni lile wanaloliomba. Hawaombi mali wala ushindi. Watu waliofukuzwa na chumvi hurudi penye kisima cha chumvi, wakaomba maji yashukayo kutoka juu.

Serikali iliutangaza mji huu kuwa mahali pa kumbukumbu ya taifa mwaka 1982, na Makumbusho ya Taifa ndiyo yanayoutunza. Basi watu wa namna mbili hukanyaga njia moja. Mtalii hulipa kiingilio, hupiga picha ya nguzo, huuliza ni futi ngapi. Mwenyeji wa Shela huvua viatu. Wewe utakapofika, hutakuwa mtalii kamili wala mwenyeji kamili, kwa kuwa nchi ni yako lakini mzee huyu huenda si wako. Vaa nguo za heshima, usipande juu ya kaburi, usichukue kigae hata kiwe kidogo namna gani. Na ukiwakuta watu katika dua, kaa mbali kidogo kivulini mpaka wamalize.

Kuna jambo moja zaidi, nalo si la zamani. Katika miaka ya karibuni Shela imependwa na wageni, na majumba yao yameongezeka, mengine yakisogelea vile vilima vya mchanga. Kila nyumba mpya huteka, kila choo huzama mchangani, na mchanga uliochotwa kwa ajili ya kujengea hauchuji tena kitu. Wenyeji wamelilalamikia jambo hilo mara kwa mara, na watu wa nje wamewaona kuwa ni wabishi. Mwenye kutoka Takwa asubuhi na kufika Shela alasiri hatawaona hivyo. Anajua kwamba wao wamewahi kuhama, na kwamba ng'ambo ya Shela hakuna vilima vingine vya kuhamia.

Tazama, kiongozi wako ameanza kuiangalia mizizi ya mikoko. Mstari wa unyevu umeonekana juu ya maji, upana wa kiganja; bahari imekwisha kugeuka. Nahodha ameshika pondo na kuwaita waliochelewa kule magofuni. Panda upesi. Chupa yako ya maji, kama ulikuja na moja tu, bila shaka imekwisha; utaijaza Shela.